Kitambaa Kilichofukiwa na Udongo Unaokwenda Baharini

Miongoni mwa vitu vinavyonunuliwa kwa fedha za umma na wananchi wasivione tena, kimo kitambaa. Hatusemi kitambaa cha sare wala cha mapazia ya ofisini. Tunasema kitambaa kizito, aghalabu cheusi, cheupe au cha kijivu, kinachofika kazini kimevingirishwa kwa majora makubwa, kikatandazwa juu ya udongo, kikafunikwa kwa mchanga na kokoto, na tangu siku hiyo kisionekane na mtu. Wahandisi hukiita jiotekstaili. Sisi tutakiita kitambaa cha kuchuja, kwa kuwa kuchuja ndiyo kazi yake tunayotaka kuizungumza leo. Kazi hiyo huifanya gizani, chini ya barabara, chini ya tuta la reli, ndani ya ukingo wa bwawa na nyuma ya ukuta wa bahari. Kikiwa kizuri hapana anayekisifu. Kikiwa kibaya, au kikikosekana, lawama zote huiangukia mvua.

Huenda msomaji wetu wa Unguja au Pemba akauliza: mambo ya matuta na makorongo ya Dodoma yanatuhusu nini sisi watu wa visiwani? Swali hilo ni la haki, na majibu yake ni mawili. Kwanza, Dodoma ndiyo makao makuu ya nchi. TANU iliamua hivyo mwaka 1973, na mwaka 2018 Bunge likaliwekea jambo hilo sheria. Njia zinazoufikia mji huo ni njia za Jamhuri ya Muungano nzima. Pili, tuitazame ramani. Mto Kinyasungwe hukusanya maji ya uwanda wa Dodoma na Mpwapwa, hupenya milimani na kuitwa Mkondoa unapokaribia Kilosa, kisha huungana na Wami, na Wami humwaga maji yake baharini karibu na Saadani, pwani inayokabiliana na kisiwa cha Unguja. Udongo usiozuiwa bara una njia iliyonyooka ya kuja kwetu.

Uwanda wa kati umeinuka kiasi cha mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Dodoma hupata mvua ya milimita zipatazo 570 kwa mwaka, karibu yote ikinyesha baina ya Desemba na Aprili. Unguja hupata zaidi ya maradufu ya kiasi hicho. Lakini ubaya wa mvua ya Dodoma hauko katika uchache wake peke yake. Huja kwa dhoruba fupi na kali, ikaikuta ardhi imekauka kwa miezi 7, majani yameliwa na mifugo, na udongo uko wazi kama uwanja uliofagiwa. Matone huubomoa udongo huo, maji yakauchukua, na pale palipokuwa na njia ya ng'ombe jana, baada ya miaka michache hukutwa korongo.

Jambo hili halikugunduliwa leo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Sweden walipima mmomonyoko katika maeneo ya mabwawa manne ya karibu na Dodoma, yaani Ikowa, Matumbulu, Msalato na Imagi. Waliona kwamba mchanga na tope vilikuwa vikiyajaza mabwawa hayo kwa kasi ya kuyafupishia uhai wake uwe wa miongo michache tu. Mwaka 1973 Serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana kwa jina la HADO. Mwaka 1979 ikachukuliwa hatua ngumu: mifugo yote iliondolewa katika eneo la Kondoa lililoharibika, lenye ukubwa wa kilomita za mraba 1,256. Wafugaji walilia, na walikuwa na sababu ya kulia, lakini majani na miti vilirejea.

Hasara ya kupuuza udongo ilidhihirika tena katika reli. Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010, mafuriko ya bonde la Kinyasungwe na Mkondoa yaliivunja Reli ya Kati baina ya Kilosa na Gulwe. Tuta lilichukuliwa, mataruma yakaning'inia hewani, na safari zikakatika kwa miezi kadhaa. Kipande hicho kimeendelea kusumbua katika misimu ya mvua iliyofuata. Hapana kitambaa ambacho kingeusimamisha mto ulioacha mkondo wake, na atakayedai hivyo atakuwa muuza bidhaa. Lakini mafuriko makubwa hutanguliwa na wizi mdogo wa kila siku, na huo ndio unaohusu kuchuja.

Maji hayalichukui tuta zima kwa mkupuo mmoja. Huanza kwa kuiba chembe. Yanapopenya udongoni na kutokea upande wa pili, hutoka na vumbi laini lililokuwa likijaza nafasi baina ya chembe kubwa. Siku nyingi zikipita, ndani hufanyika mashimo yasiyoonekana, nayo mashimo hayo hukutana na kuwa mfereji. Halafu siku moja inanyesha mvua ya kawaida kabisa, barabara inatitia, na watu wanasema ajali ya Mungu. Ndivyo pia ukuta wa bahari unavyoanguka: mawimbi huupiga mbele, lakini mara nyingi kilichouua ni mchanga ulionyonywa nyuma yake, wimbi baada ya wimbi, kupitia nyufa za mawe.

Dawa yake yafahamika katika kila jiko la Kiswahili. Mpishi anayekamua nazi hutumia kifumbu. Kifumbu hupitisha tui na kuzuia machicha. Matundu yake yakiwa makubwa mno, machicha hupita na mchuzi huharibika. Yakiwa madogo mno, huziba, na tui hubaki ndani hata mikono ikichoka kukamua. Kwa hiyo kifumbu hufumwa kwa kipimo, na kila mkamuaji ajua kwamba machicha yenyewe, yakishatulia ukutani mwa kifumbu, husaidia kuchuja yale yanayofuata. Kitambaa cha ardhini hufanya vivyo hivyo. Matundu yake huchaguliwa kulingana na ukubwa wa chembe za udongo wa mahali hapo. Chembe nene huzuiliwa, nazo huzizuia zile laini, na baada ya muda mfupi udongo wenyewe hugeuka kuwa chujio, huku maji yakitoka safi. Kitambaa kinachofaa mchanga wa mto wa Dodoma huenda kisifae mfinyanzi mweusi wa mbugani. Hapo ndipo penye siri yote ya kazi hii.

Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa tabaka za mchanga, changarawe na kokoto zilizopangwa kwa ukubwa. Njia hiyo ni nzuri hata leo, ila yataka mawe yaliyochekechwa barabara, malori mengi na usimamizi usiosinzia. Katika miaka ya 1950 mafundi walianza kuweka kitambaa mahali pa baadhi ya tabaka hizo. Waholanzi, baada ya gharika ya bahari ya mwaka 1953, walitumia nailoni katika kazi zao za kulinda pwani. Mwaka 1958 huko Florida, Marekani, kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi za bandia kilitandikwa chini ya matofali ya zege ya kukinga ufuko. Mwaka 1970 Wafaransa wakakitumia kuchuja maji ndani ya bwawa la udongo la Valcros, na vipande vilivyochimbuliwa miaka mingi baadaye vilionyesha kwamba bado kilikuwa kikifanya kazi.

Kwa nini nyuzi za bandia? Kwa sababu hazilimwi na haziozi. Nailoni ilitoka katika maabara za Marekani mnamo 1935, poliesta ikatoka Uingereza mwaka 1941, na polipropilini, ambayo ndiyo inayotumika zaidi katika vitambaa vya ardhini, ikapatikana mwaka 1954 kwa kazi ya Giulio Natta wa Italia, aliyejenga juu ya ugunduzi wa Karl Ziegler wa Ujerumani. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1963. Polipropilini huzaliwa kutokana na gesi inayopatikana katika usafishaji na uvunjaji wa mafuta ya petroli. Gesi hiyo huunganishwa kuwa minyororo mirefu, ikawa punje za plastiki mfano wa mchele. Punje huyeyushwa, kwa kuwa polipropilini huyeyuka kwenye nyuzi joto za sentigredi zipatazo 165, kisha uji wake husukumwa kupitia sahani yenye matundu madogo sana. Kila tundu hutoa uzi. Uzi hupozwa na kuvutwa ili upate nguvu. Nyuzi hizo huweza kufumwa kama nguo, au zikatandazwa kama pamba ya godoro na kuchomwachomwa na maelfu ya sindano zenye vishikizo mpaka zishikamane bila kufumwa. Kitambaa cha aina hii ya pili, chenye unene na matundu ya njia nyingi, ndicho kinachopendwa sana kwa kuchuja.

Watu wa visiwani hawahitaji kufundishwa sifa za nyuzi hizi. Tangu kilimo cha mwani kilipoanza kushamiri mwishoni mwa miaka ya 1980, kina mama wa Paje na Jambiani wamefunga mwani wao kwa kamba za plastiki, na wameona jinsi zinavyostahimili maji ya chumvi. Wameona pia aibu yake: kamba iliyokatika haiozi, nayo hubaki ufukweni mwaka baada ya mwaka, ikimenyeka vipande vidogo kwa jua. Sifa ya kutooza ni neema chini ya reli na ni nakama juu ya mchanga. Tulishike neno hili, maana hoja yetu yote imesimama juu yake.

Lipo jambo jingine linalolifanya suala hili liwe letu kwa uchungu zaidi. Nyuzi hizi ndizo zilizoiangusha katani. Mkonge uliletwa nchini na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na kufikia mwaka 1964 Tanganyika ilikuwa ikitoa tani zipatazo 230,000 kwa mwaka, ikiongoza duniani. Kisha kamba za polipropilini zikaingia katika mashamba ya Ulaya na Marekani, bei ya katani ikaporomoka, na uendeshaji dhaifu wa mashamba pamoja na uhaba wa vipuri vikamalizia yaliyobaki. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi kwenye tani 20,000 hivi. Umepanda tena katika miaka ya karibuni, na Serikali yastahili pongezi kwa hilo, lakini haujaukaribia ule wa 1964. Leo nchi iliyokuwa bingwa wa nyuzi ngumu inaagiza nje kitambaa cha kufukia chini ya barabara zake.

Wako watakaosema: basi tuipige marufuku plastiki, tuweke katani kila mahali. Hao wanaitetea katani kwa mapenzi, na mapenzi si kipimo cha uhandisi. Katani ikifukiwa katika udongo wenye unyevu huanza kuoza katika muda wa miezi, na baada ya mwaka mmoja au miwili haina nguvu ya kutegemewa. Kuiweka chini ya tuta la reli linalotarajiwa kudumu vizazi ni kuweka bomu la kungoja. Chini ya reli, ndani ya bwawa, na nyuma ya ukuta wa bahari, nyuzi za bandia ndizo zinazofaa, na hatuoni haya kusema hivyo.

Wako wengine, na hawa wana sauti kubwa zaidi katika ofisi, watakaosema: kwa kuwa plastiki ni imara, iwekwe pote. Hapo nasi tunakataa. Mteremko wa barabara mpya, ukingo wa korongo la Kondoa, na kando za bwawa dogo la kijiji, havihitaji kitambaa cha miaka 100. Vinahitaji kifuniko cha kuuzuia udongo mpaka nyasi ziote na mizizi ishike. Misimu miwili au mitatu yatosha. Kifuniko kikioza baada ya hapo, kimemaliza kazi yake na kimerutubisha ardhi. Wavu wa plastiki uliotandikwa juu ya ardhi chini ya jua la Dodoma utakatika vipande, upepo utavichukua, mifugo itavimeza, na vilivyobaki vitafuata Kinyasungwe kuja baharini. Nchi iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki, Zanzibar mwaka 2006 na Bara mwaka 2019, haiwezi kuleta plastiki ileile kwa jina la kuhifadhi mazingira.

Kazi hiyo ya juu ya ardhi ni haki ya katani, na pia ni haki ya makumbi ya nazi. Usumba huchelewa kuoza kuliko katani, hustahimili unyevu kwa miaka kadhaa, na India na Sri Lanka wameufanya kuwa biashara: husokota usumba, hufuma nyavu zake, na kuziuza duniani kote kwa kukinga miteremko. Kina mama wa pwani zetu hufukia makumbi mchangani, huyafukua, huyaponda na kusokota kamba. Ujuzi upo, malighafi ipo, na soko lipo Dodoma. Kinachokosekana ni mtu wa kuandika katika zabuni kwamba wavu wa mteremko uwe wa katani au wa usumba, wenye uzito na matundu ya kiasi fulani.

Vipi kuhusu kutengeneza hapa nchini kile kitambaa cha bandia ambacho hatuwezi kukiepuka? Husemwa mara kwa mara kwamba tuna gesi ya Songo Songo na ya Mtwara, kwa hiyo plastiki imo mikononi mwetu. Twapaswa kuwa wakweli. Gesi yetu karibu yote ni methani, na polipropilini haitoki katika methani ila kwa njia ndefu yenye mitambo ya gharama kubwa mno. Gesi hiyo yafaa zaidi kwa umeme, saruji na mbolea. Lakini hakuna ulazima wa kuanzia kisimani. Kiwanda cha A to Z cha Arusha kilianza mwaka 2003 kutengeneza vyandarua vyenye dawa kwa ufundi uliotoka Sumitomo Chemical ya Japani. Kilianza na punje za plastiki zilizoagizwa, kikavuta uzi, kikafuma, na mamilioni ya vyandarua yakaingia vijijini. Viwanda vya mifuko ya salfeti navyo hufanya jambo linalokaribiana na hilo. Kutoka hapo hadi mashine ya sindano ya kushikamanisha nyuzi ni hatua, wala si safari ya mwezini. Tena mashine ya namna hiyo huweza kushikamanisha hata nyuzi za mimea.

Mwekezaji hatanunua mashine bila kujua atamuuzia nani. Na hapo tunaigeukia Serikali. Wakala wa Barabara una mahitaji yake, TARURA ina yake, RUWASA ina yake, Shirika la Reli lina yake, na Zanzibar ina yake katika barabara na kuta za bahari. Kila moja hununua kupitia mkandarasi wake, naye mkandarasi huagiza kwa muuzaji wake wa nje. Mahitaji ya taifa yamegawanyika katika mikataba mpaka hayaonekani. Mali bila daftari huisha bila habari. Yakijumlishwa katika orodha moja kila mwaka, yatakuwa soko, na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023, inayotoa upendeleo kwa bidhaa za nchini, itapata kitu cha kupendelea.

Kwa hiyo tunatoa rai zifuatazo kwa wahusika. Mosi, zabuni isiandike neno "kitambaa" na kuishia hapo. Itaje kazi yake, aina ya udongo, ukubwa wa matundu, kiasi cha maji ya kupita, nguvu na umri unaotakiwa. Pili, kila shehena ikatwe sampuli na kupimwa kabla ya kufukiwa, kwa kuwa baada ya kufukiwa hapana tena wa kuipima ila mafuriko. Shirika la Viwango la Bara na Taasisi ya Viwango ya Zanzibar washirikiane katika hili, na vyuo vyetu vya ufundi vipewe sehemu. Tatu, majora yahifadhiwe kivulini na kitambaa kikishatandikwa kifunikwe mapema. Jua huidhoofisha polipropilini, na vipimo vya kimataifa aghalabu hutaka kisikae wazi zaidi ya wiki 2 hadi mwezi mmoja. Jora lililoachwa juani msimu mzima limekwisha kuliwa, ingawa bado lina sura ya kitambaa. Nne, ulinzi wa miteremko na makorongo utengewe katani na usumba, kwa kiwango kilichoandikwa, ili mkulima wa Korogwe na msokotaji wa pwani wajue wanachotakiwa kuleta.

Na tano, tusidanganyike kwamba majora yatafanya kazi ya watu. Kitambaa hulinda tuta. Hakiwezi kulinda nchi. Kondoa iliponywa na majani yaliyoachwa yakue, na majani hayo yalikuwa na gharama iliyolipwa na wafugaji. Mhandisi wa reli na bwana malisho wa Mpwapwa wanafanya kazi moja, mmoja chini ya mteremko na mwingine juu yake. Wakutane mezani kabla hawajakutanishwa na mafuriko.

Treni za umeme zilianza kuifikia Dodoma mwaka 2024, na nchi nzima ilishangilia, visiwa vikiwa pamoja nayo. Ni sawa kushangilia. Lakini reli hudumu kwa kile kilicho chini yake, na usipoziba ufa utajenga ukuta. Waheshimiwa wanaoidhinisha fedha za kazi hizi waulize, kabla ya kutia saini: kitambaa hiki ni cha kazi gani, kimepimwa na nani, na kwa nini hakikufumwa hapa? Wakiuliza hayo kila mara, wauzaji watazoea kuwa na majibu, na viwanda vyetu vitapata mlango wa kuingilia.